Nani Ameisemesha Picha? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi iliyodai kwamba picha ya jaridani haimwonyeshi mtu tu, bali humfanya awe mtu wa aina fulani machoni pa msomaji. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Baadhi ya wasomaji wamekubali, wengine wametuambia kwamba tunatia chumvi, na wachache wameleta mambo yao wenyewe ambayo yanafundisha kuliko makala ile. Nimezijibu hapa zile zinazogusa wengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha kidato cha tano mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba maneno yanaweza kudanganya lakini picha haiwezi, kwa sababu kamera hunasa kilichokuwepo. Nikiwaambia kwamba maana ya picha hutengenezwa, wanadhani nazungumzia picha za kughushi. Nianzie wapi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza. Ni kweli kwamba kamera hunasa kilicho mbele yake. Kinachobaki ni kuuliza nani aliyeamua kiwe mbele yake, kikatwe wapi, na kiandikiwe nini chini yake. Kwa hiyo anza na picha ambayo haikughushiwa hata kidogo.

Tarehe 24 Januari 2020, mjini Davos nchini Uswisi, wanaharakati watano vijana wa masuala ya tabianchi, wote wanawake, walisimama pamoja mbele ya milima yenye theluji wakapigwa picha na shirika la habari la Associated Press. Wanne walikuwa Wazungu wa Ulaya, akiwamo Greta Thunberg wa Sweden. Wa tano, aliyesimama pembeni kabisa, alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda. Picha iliyosambazwa ilikuwa na watu wanne tu, kwani Nakate alikuwa amekatwa. Shirika lilieleza kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha na kwamba kazi ilifanywa kwa haraka. Baadaye mhariri wake mkuu aliomba radhi.

Waulize wanafunzi ni kitu gani katika picha ile iliyokatwa kilikuwa uongo. Watatafuta wasikione, maana wasichana wanne walikuwepo, theluji ilikuwepo, na tabasamu zilikuwa zao wenyewe. Hata hivyo aliyeiona picha ile alijifunza jambo ambalo hakuna mtu aliyeliandika, yaani kwamba kuitetea dunia dhidi ya mabadiliko ya tabianchi ni kazi ya vijana wa Ulaya, ilhali mafuriko na ukame unaojadiliwa unawapata pia watu wa Uganda. Nakate mwenyewe aliandika kwamba kilichofutwa si picha tu, bali ni bara. Mimi binafsi ninayaamini maelezo kuhusu jengo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Haikuhitajika chuki ya mtu yeyote. Alitosha mtu mwenye haraka ambaye jicho lake, lilipoitazama picha iliyobaki, halikuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Wakishalielewa hilo, wapeleke kwenye nadharia. Mwaka 1957 mwandishi wa Ufaransa Roland Barthes alisimulia kwamba akiwa kwa kinyozi alipewa nakala ya jarida la Paris Match. Jaladani alikuwapo kijana mweusi aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa, macho ameyainua, akipiga saluti. Maana ya kwanza ni hiyo hiyo inayoonekana: kijana anapiga saluti. Maana ya pili haikuandikwa popote, lakini Barthes aliisoma bila taabu: kwamba Ufaransa ni dola kubwa ambayo wanawe wote, bila kujali rangi, huitumikia kwa uaminifu, na kwa hiyo wanaoulalamikia ukoloni hawana hoja. Jalada lile lilitoka mwaka 1955, miezi michache tu baada ya vita vya ukombozi kuanza Algeria mwezi Novemba 1954. Kijana yule hakusema neno lolote kuhusu Algeria. Jalada ndilo lililomsemea.

Usiishie hapo, maana wanafunzi wanaweza kutoka darasani wakiamini kwamba msomaji ni debe la kumiminiwa. Stuart Hall, mwanazuoni mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Birmingham, alieleza mwaka 1973 kwamba wapo wanaoipokea maana kama mtengenezaji alivyoikusudia, wapo wanaoikubali kwa sehemu na kuipinga kwa sehemu, na wapo wanaoisoma kinyume kabisa. Barthes pale kwa kinyozi alikuwa katika kundi hili la tatu. Zoezi la kuwaonyesha hilo ni rahisi: chukua picha moja ya jaridani, funika maandishi yaliyo chini yake kwa kipande cha karatasi, ligawe darasa katika makundi mawili, na kila kundi liandike maelezo yake bila kusikilizana. Zikisomwa karatasi mbili hizo kwa sauti, mjadala wa kama picha inajisemea yenyewe utakuwa umekwisha.

SWALI: Babu yangu hunisimulia kwamba Iman, mwanamitindo Msomali, aliokotwa porini na Mzungu akichunga mbuzi, kisha akapelekwa Marekani akawa tajiri. Je, ni kweli? (Msomaji, Eastleigh, Nairobi)

JIBU: Si kweli, lakini babu yako hakuitunga hadithi hiyo, aliisoma au alisimuliwa na aliyeisoma. Iman alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, baba yake alikuwa mwanadiplomasia, na mpiga picha wa Kimarekani Peter Beard alipokutana naye mwaka 1975 ilikuwa barabarani katikati ya jiji la Nairobi, naye akiwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikubali kupigwa picha kwa sharti la kulipiwa ada ya chuo. Alipofika New York, waandishi wa habari walikuwa wamekwishasimuliwa habari za msichana mchunga mifugo aliyegunduliwa nyikani, asiyejua kitu cha mjini, na yeye amekuwa akiikanusha hekaya hiyo tangu miaka hiyo. Picha zenyewe hazikubadilishwa. Uso ni ule ule, shingo ni ile ile; kilichobandikwa ni wasifu, kwa sababu binti wa balozi anayezungumza lugha kadhaa na kujadiliana malipo hana mvuto wa kibiashara alio nao msichana wa nyikani.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimerithi kwa bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, kadi ya posta ya zamani. Yumo mwanamke amesimama studio, amevaa kanga mbili, kichwa amekifunika, mkono mmoja ameuweka juu ya kiti. Chini pamechapishwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "mrembo wa Kiswahili", bila jina. Katika familia tunabishana kama huyu ni mtu wetu au ni picha ya biashara tu. Na kwa nini hana jina? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa aleikum salaam. Swali lako la mwisho ndilo lenye jibu la uhakika: hana jina kwa sababu biashara ile haikulihitaji. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19 Unguja ilikuwa na studio za picha, kadhaa zikiwa za Wagoa, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho. Studio hizo zilikuwa na wateja wa namna mbili. Wa kwanza ni mkazi wa mji aliyekuja kwa miguu yake, akavaa alichokichagua, akalipa, akaondoka na sura yake. Wa pili ni abiria wa meli aliyetaka kumbukumbu ya safari, naye hakutafuta mtu bali mfano wa watu: mrembo, mchukuzi, muuza maji, Mwarabu mwenye jambia. Picha iliyopigwa kwa ajili ya mteja wa kwanza iliweza kuishia mkononi mwa wa pili. Ndiyo maana ubishi wenu hauna lazima ya kuwa na mshindi: mwanamke yule anaweza kuwa mtu wenu, na picha yake ikawa ya biashara.

Sasa yaangalie mavazi yake kwa jicho la mtu wa Unguja wa wakati ule, wala si kwa jicho la abiria. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kabla ya hapo, nguo ilitosha kumtambulisha mtu barabarani. Merikani, yaani kitambaa cha pamba, isiyotiwa rangi na kaniki vilikuwa vazi la watumwa, na mtumwa hakutarajiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana. Baada ya uhuru huo, wanawake waliokuwa wametoka utumwani waliiacha kaniki wakanunua kanga, wakajifunika vichwa, wakafuata mitindo mipya ilipotoka madukani, na mji mzima ulielewa wanachokisema. Hatuwezi kujua kama mwanamke wa kadi yako alikuwa mjukuu wa waungwana au binti wa walioachwa huru. Lakini vyovyote alivyokuwa, kanga mbili zilizonyooka, kichwa kilichofunikwa na mkono uliotulia juu ya kiti ni mambo aliyoyapanga au aliyoyakubali, na kwa watu wa mtaani kwake yalitamka heshima. Maneno matatu ya mchapishaji yaliyabatilisha yote hayo. Aliingia studio akiwa fulani binti fulani, akatoka mtambo wa uchapaji akiwa aina ya kiumbe inayopatikana visiwani.

Kuhusu utambulisho wake, yapo mambo ya kuchunguza. Igeuze kadi. Kama mgongo wake haukugawanywa kwa mstari kati ya anuani na ujumbe, huenda ni ya miaka ya mwanzo kabisa, kwa kuwa Uingereza iliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1902 na nchi nyingine zikafuata katika miaka iliyofuata. Muhuri wa posta ukisomeka utakupa tarehe ya kutumwa, ingawa picha yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi. Tafuta jina la studio kwenye ukingo, na kama halipo, kitazame kiti na pazia la nyuma: studio zilitumia vifaa vile vile kwa miaka, hivyo kiti kile kikionekana katika kadi nyingine yenye jina la studio, utakuwa umempata mpigaji. Muhimu kuliko hayo yote, fungueni albamu ya bibi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na picha ambazo familia zilijipigisha katika studio kama hiyo zilikaa nyumbani, mara nyingi zikiwa na majina na tarehe zilizoandikwa nyuma kwa mkono. Uso wa kwenye kadi ukionekana uzeeni katika mojawapo ya picha hizo, jina mtakuwa nalo, na ningeomba mtuandikie.

SWALI: Nina studio ndogo ya picha za pasipoti na harusi hapa Tanga. Wateja wanalalamika kwamba wanatoka weusi kuliko walivyo, hasa bwana harusi akivaa kanzu nyeupe. Kijana ninayefanya naye kazi anasema kamera zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Ni kweli, au ni kisingizio? (Fundi picha, Tanga)

JIBU: Fundi, ni kweli kwa habari za jana, na ni kisingizio kwa habari za leo.

Katika enzi za filamu za rangi, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi waliiita kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyepigwa picha mwanzoni. Fundi wa maabara alirekebisha mitambo yake mpaka ngozi ya Shirley itokee vizuri, na hapo kazi ilihesabiwa kuwa sawa. Mwenye ngozi nyeusi hakuwamo kwenye kipimo. Matokeo yalionekana zaidi kwenye picha za darasa huko Amerika Kaskazini, ambako mtoto mweusi aliyeketi kando ya mtoto mweupe alibakiwa na macho na meno tu. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeichunguza historia hiyo, alielezwa kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha filamu yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za hudhurungi hazikutofautishika kwenye matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Sina la kuongeza juu ya ukweli kwamba kabati la mbao lilisikilizwa mapema.

Tatizo lako la kanzu, hata hivyo, lina sababu nyingine. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba ukichanganya weupe na weusi wote uliopo mbele yake utapata kijivu cha wastani. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Kanzu ikawa ya kijivu na uso ukazama gizani. Kamera hapo haibagui, inafuata hesabu, ingawa ni hesabu inayomgharimu mwenye ngozi nyeusi kuliko mwingine. Mtoe mbele ya ukuta mweupe, mweke kwenye pazia la rangi iliyokolea kiasi. Pima mwanga kwenye uso wake, si kwenye kanzu; kwa simu, gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga. Kisha shika ubao mweupe chini ya kidevu, nje kidogo ya picha, ili mwanga urudi usoni bila kuiunguza kanzu. Usimmulike kwa taa kali moja ya mbele, kwa sababu itaacha mng'ao kwenye paji la uso na kuyafuta mashavu. Ukifanya hayo na bado mteja akakuomba umng'arishe kwa kompyuta, huo ni ugomvi mwingine, na barua inayofuata inauhusu.

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 amebandika ukutani picha za warembo alizozikata majaridani, na sasa anaomba pesa ya mkorogo ili awe kama wao. Nizichane? (Mama, Dodoma)

JIBU: Usizichane, mama, atabandika nyingine. Keti naye umsimulie yaliyompata Lupita Nyong'o, Mkenya aliyetwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka jaladani baada ya kufuta kwa kompyuta sehemu ya nywele zake za asili ili kichwa kionekane laini. Aliiweka hadharani picha ya awali kando ya ile ya jalada, akalalamika kwamba hakuulizwa, na jarida pamoja na mpiga picha wakaomba radhi. Ikiwa mshindi wa Oscar hakufaa kwa jalada mpaka anyolewe na kompyuta, basi hao wa ukutani nao hawafanani na picha zao. Binti yako anataka kufanana na mtu asiyekuwepo.

Kisha mwongezee picha badala ya kumpunguzia. Lupita huyo huyo alieleza, katika hotuba yake ya mwaka 2014, kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na kilichoanza kumbadilisha ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo kutoka Sudan Kusini mwenye weusi uliokoza, akisifiwa duniani kote. Picha ilimuumiza na picha ikamponya. Kuhusu mkorogo wenyewe siachi nafasi ya mjadala: michanganyiko hiyo hukutwa na zebaki na haidrokwinoni, vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku Tanzania, na zebaki huharibu figo. Pesa hiyo usimpe.

SWALI: Shambulio la kigaidi katika hoteli ya Dusit lilipotokea Nairobi, gazeti kubwa la Marekani lilionyesha maiti za watu wetu. Wakifa wao, hutuonyesha mishumaa na maua. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Shambulio hilo lilitokea tarehe 15 Januari 2019, likaua watu 21. The New York Times liliweka kwenye tovuti yake picha ya watu waliouawa wakiwa wameketi mkahawani. Wakenya walitaka iondolewe, Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaandika kudai hivyo, na gazeti likajibu kwamba linapima kati ya kuwaheshimu wafiwa na wajibu wa kuonyesha hali halisi. Hasira nyingi zilimwangukia mwandishi mmoja wa gazeti hilo ambaye hakuipiga picha ile wala hakuichagua. Picha ilitoka shirika la Associated Press, na aliyeipiga alikuwa akifanya kazi Nairobi. Kwa hiyo jibu la haraka, kwamba tatizo ni jicho la mgeni, halitoshi.

Kwa maoni yangu tatizo liko mezani kwa mhariri. Kila mhariri anapochagua picha humuwazia msomaji wake: nani atakayeifungua asubuhi, naye atajisikiaje. Aliyeuawa akiwa wa mtaa wa msomaji, mhariri anajua kwamba mama wa marehemu anaweza kuwa miongoni mwa wasomaji. Aliyeuawa Nairobi alidhaniwa kuwa mbali na mama yake. Dhana hiyo imekufa kwa sababu ya simu, maana ndugu waliokuwa bado wanatafutana hospitalini waliiona picha ile saa ile ile kama mtu yeyote wa New York, lakini mazoea ya mezani hayajabadilika.

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaosema mateso ya Waafrika yasionyeshwe kabisa. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alipiga kule Korem, Ethiopia, picha za njaa ambazo BBC ilizirusha tarehe 23 mwezi huo, na dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Misaada mikubwa ilifuata, pamoja na tamasha la Live Aid la Julai 1985. Watu wengi walipona kwa picha zile. Wakati huo huo, kwa miaka mingi Mhabeshi hakuweza kutaja nchi yake ugenini bila kuulizwa habari za njaa. Mambo yote mawili ni kweli, wala moja halilifuti jingine. Linalonikera mimi ni kuhesabiwa sote kama mtu mmoja. Mei 2000 jarida la The Economist liliitangaza Afrika jaladani kuwa bara lisilo na matumaini, likichora umbo la bara na ndani yake mtu mwenye silaha begani. Desemba 2011 jarida lile lile lilitangaza kwamba Afrika inainuka, likamweka mtoto anayerusha kishada chenye umbo la bara. Waliosherehekea jalada la pili walisahau kuuliza swali waliloliuliza kwa la kwanza: ni nchi ipi, na huyo mtu ni nani?

SWALI: Mwaka jana mtu mwenye kamera alinipiga picha nikianika dagaa mwaloni, hapa Mwanza. Alinisalimu, nikacheka, akaenda zake. Juzi mwanangu kaniletea jarida: picha yangu iko juu ya makala ya wanawake waliotelekezwa na waume zao. Mimi nina mume, na biashara hii ni yetu sote. Majirani wanauliza. Nifanye nini? (Muuza dagaa, Mwanza)

JIBU: Dada, kwanza litunze jarida hilo lenyewe, siyo picha ya simu peke yake, na uandike mahali tarehe uliyopigwa picha na jina la mtu aliyeshuhudia. Kisha muandikie mhariri wa jarida barua fupi, ubaki na nakala. Usieleze sana. Sema kwamba wewe ndiye uliye pichani, kwamba maelezo ya makala hayakuhusu, na kwamba hukuulizwa. Dai mambo mawili: picha iondolewe mtandaoni kama imewekwa huko, na toleo lijalo lichapishe, mahali panapoonekana, kwamba mwanamke aliyeonyeshwa hana uhusiano wowote na habari ile. Usitosheke na radhi ya kwenye simu, kwa sababu majirani hawataisikia.

Wakikaa kimya, lipo Baraza la Habari Tanzania, ambalo husuluhisha malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya habari. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake hupokea malalamiko. Lakini kazi ya uandishi wa habari ina nafasi yake ya pekee katika sheria za aina hii, kwa hiyo pata ushauri wa mwanasheria au wa kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kuitegemea hiyo peke yake. Wasomaji wetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya starehe ya Nairobi iliyotumia picha ya mteja bila idhini yake ilitozwa faini, na shule moja nayo ikatozwa kwa picha za watoto.

Wakikuletea karatasi ya kusaini pamoja na bahasha, isome na mumeo kwanza, au msomewe na mtu mnayemwamini. Na siku wakija tena mwaloni na kamera, waambie kwamba hukatazi, ila waandike jina lako na bei ya gunia la dagaa.